Bi Maganda na Vinywa Visivyoweza Kutema

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kwenye stoo iliyo nyuma ya jiko la nyumba ya kutunzia wazee, mwanamke aliyevaa aproni ya kijani anachovya kijiko ndani ya glasi na kuopoa kipande cha ganda la yai. Anakilaza kiganjani. Anakibonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kama mama anayepapasa uvimbe kwenye kichwa cha mtoto.

Ganda halitoi mlio. Linamomonyoka kimya, kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai.

"Siku tano," ananong'ona, ingawa mlango umefungwa. "Siku tano tu."

Anaopoa ganda jingine, la yai hilohilo, lililokaa siku hizohizo tano kwenye glasi ya maji matupu. Hilo linapasuka ta! na kumchoma kidole. Analitazama kwa shukrani, kama mtu aliyejibiwa vizuri.

Katikati ya glasi hizo mbili imesimama chupa ya dawa ya kusukutua mdomo. Ina picha ya limau lililokatwa na majani mawili mabichi, na chini yake maandishi manene: ASILIA ASILIMIA MIA MOJA. Nyuma yake, katoni sita za chupa kama hiyo zimepangwa ukutani zikafika kifuani. Zililetwa wiki iliyopita na mfadhili mmoja mwema, bure, na msimamizi wa nyumba ameagiza zianze kutumika leo.

Leo pia anakuja daktari wa meno, ambaye hufika mara moja kila miezi mitatu na kuwaona wale tu wenye maumivu.

"Nalifikiria tangu jana," anasema mwanamke huyo, akifuta mikono kwenye aproni ingawa ameshaifuta. "Nikisema hii isiguse mdomo wa mtu, wataniuliza nimejuaje. Nikisema nimejuaje, nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe."

Hapa anaitwa Bi Maganda. Jina hilo halimo kwenye kitambulisho chake. Alibandikwa na Bibi Kicheko, mkazi wa chumba cha tatu, mwenye miaka themanini kasoro mmoja na jino moja ambalo mwenyewe analiita "mjane". Bibi Kicheko alipoona dirisha la stoo limejaa glasi zenye maganda ya mayai, alicheka mpaka akapaliwa, na tangu siku hiyo hata mlinzi wa getini hamjui mhudumu huyu kwa jina jingine.

Ana miaka arobaini na sita, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameitumia hapa. Nyumba ina wazee thelathini na mmoja. Bi Maganda hubadilisha mashuka, husukuma viti vya magurudumu, hukata kucha. Mshahara wake unatosha kodi ya vyumba viwili na dawa za presha za shangazi anayeishi naye. Kinachobaki, anasema, kinaitwa nauli. Kazi hizo zote anagawana na wenzake, isipokuwa zamu ya vinywa. Hiyo wengi wanaikwepa.

"Wanasema inanuka," anasema. "Kwani kwapa linanukia?"

Wazee tisa kati ya hao thelathini na mmoja hawawezi kutema. Wengine walipigwa na kiharusi, wengine wanatetemeka, na wawili wamesahau kabisa maji yakishaingia mdomoni yanafanywaje.

"Wewe ukipiga mswaki unatema, yameisha," Bi Maganda anaeleza. "Ulichokosea kimeenda na maji. Hawa hawatemi. Kila ninachoweka kinashuka tumboni, au kibaya zaidi, kinapotea njia kinaingia mapafuni. Kwa hiyo mimi si mpiga mswaki. Mimi ni kama mpishi. Nikikosea, wamekula."

Saa moja kasorobo yuko kwenye kitanda kilicho karibu na dirisha, mbele ya mzee mwenye nywele nyeupe zilizochanwa kwa maji. Huyu ni Mwalimu. Ana miaka themanini na mmoja. Alifundisha kwa miaka thelathini na minane kabla ya kiharusi kumpoozesha upande wa kulia, miaka mitano iliyopita. Anaongea polepole, akiokota neno mojamoja kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Kwenye taya la chini amebakiwa na meno manne. Mawili kati yake ni machonge, moja kila upande, na ndiyo yanayoshika kulabu za meno yake ya bandia. Bila meno hayo ya bandia, ulimi wake haupati pa kuegemea na maneno yanatoka yamelowa. Akiyavaa, kila siku saa kumi alasiri husukumwa hadi sebuleni na kuwasomea wenzake gazeti kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, hata matangazo ya viwanja. Kumi na wanne hawaoni vizuri. Wanamsubiri yeye.

Bi Maganda anamketisha wima na kuinamisha kidevu chake kidogo, ili asipaliwe. Mswaki ni wa mtoto, wenye nywele laini. Dawa ya meno anayoiweka juu yake haizidi punje ya mchele.

"Shikamoo, Mwalimu. Fungua mlango, mgeni anabisha."

"Mara...haba. Mgeni... gani?"

"Yuleyule wa kila siku. Hana povu, hana sukari, haunguzi."

"Na hana... ladha," anasema Mwalimu, na upande mmoja wa mdomo wake unatabasamu.

"Mtie hata chumvi, Bi Maganda!" Bibi Kicheko anapiga kelele kutoka mlangoni, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. "Mzee wa watu unampigisha mswaki kwa uji wa mgonjwa!"

"Wewe na mjane wako subirini zamu yenu."

Mkono wa Bi Maganda unazunguka taratibu, jino kwa jino. Unapofika kwenye chonge la kulia, unasita. Ukingo wa jino hilo umekuwa mwembamba kama kucha, na mwanga wa dirisha unapita ndani yake. Mwalimu analigusa kwa ncha ya ulimi.

"Hili... lacheza."

"Daktari anakuja saa nne, Mwalimu. Ataliangalia."

Anasema hivyo akiwa ameshageuka kuosha mswaki. Maji ya bomba yanachuruzika muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Ili kuelewa kwa nini mhudumu huyu hawezi kulitazama jino hilo, ni lazima kurudi nyuma, kwenye kikombe kimoja cha bati na limau.

Shangazi yake Bi Maganda alifanya kazi katika nyumba hiyohiyo kwa miaka thelathini. Alipostaafu, ndiye aliyemwombea mpwa wake nafasi, na pamoja na nafasi akamrithisha mapishi: nusu limau lililokamuliwa, vijiko viwili vya glisirini, maji ya uvuguvugu. Unachovya pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, unapaka fizi, meno na ulimi. Limau linaita mate, glisirini inang'arisha midomo.

"Tena ni vitu vya asili," Bi Maganda anakumbuka. "Hakuna kiwanda, hakuna majina usiyoweza kuyatamka. Mzee anatoa mate, mdomo unanukia. Ndugu wakija kuwatembelea walikuwa wanasema, hapa kinywa cha mgonjwa kinanukia kama bustani. Nilikuwa najisikia, jamani."

Miaka ya mwanzo aliitumia mara chache, kwa wagonjwa mahututi. Wazee wasioweza kutema walipoongezeka, akaifanya kuwa kazi ya kila siku. Alipaka mara mbili kwa siku, kwa miaka minne mfululizo. Wengi wao walikuwa hawana jino hata moja. Watatu walikuwa na meno, na mmoja wa hao watatu ni Mwalimu.

Kisha, miezi minane iliyopita, wazee walipewa mayai ya kuchemsha. Bibi Kicheko ana tabia ya kutupa maganda kwenye chombo chochote kilicho karibu. Siku hiyo kilichokuwa karibu ni kikombe cha bati chenye mchanganyiko wa limau. Ilikuwa Jumamosi, Bi Maganda akatoka kwa mapumziko ya siku mbili, na hakuna aliyekigusa kikombe hicho.

Jumatatu alikikuta kina vipovu vidogo vidogo. Alitia vidole kuondoa ganda.

"Lilikunjika," anasema. "Ganda la yai, likakunjika kama ngozi. Nilikaa chini, palepale sakafuni. Nikajiuliza, kama limau linafanya hivi kwa siku mbili, miaka minne imefanya nini? Nikaona machonge ya Mwalimu, kama yamewekwa mbele yangu."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga. Hiki kilikuwa kwenye kikombe alichokishika mwenyewe.

Aliporudi nyumbani jioni hiyo alimweleza shangazi yake, ambaye sasa ana miaka sabini na minne na hana jino lake mwenyewe hata moja.

"Limau ameliumba Mungu," shangazi alimjibu, bila kuacha kuchambua mchele. "Mimi nimewapaka watu zaidi ya mia, na hakuna aliyelalamika."

"Wangelalamikaje, Shangazi, na ndio haohao wasioweza kusema?"

"Kwa hiyo unaniambia nilikuwa nawaua?"

"Sijasema hivyo."

"Basi usiseme. Na usiende kulisema huko kazini. Utafukuzwa, na mimi dawa zangu utaninunulia na nini? Na maganda?"

Siku hiyo waliishia hapo. Bi Maganda akalimwaga limau na akanyamaza.

Akaanza kutafuta kitu cha kuliweka mahali pake. Dirisha la stoo likajaa glasi. Alinunua, akaazima, akaomba. Kila dawa ya meno na kila dawa ya kusukutua aliyoipata aliipimia ganda, na pembeni yake glasi ya maji matupu ya kulinganishia. Aligundua haraka kwamba neno "asilia" kwenye chupa halimwambii kitu. Unga wa mkaa uliosifiwa sana sokoni haukuligusa ganda, lakini alipousugua kwenye kioo cha miwani ya jua iliyovunjika, uliacha mikwaruzo kama ya paka. Mafuta ya karafuu aliyaweka ndani ya mdomo wake wa chini akihesabu hadi mia; alishindwa kufika arobaini, na yakaacha lengelenge. Asali ililiacha ganda zima kabisa, na karibu aitumie.

Aliyemzuia ni daktari wa meno. Bi Maganda alimsubiri kwenye ngazi mwisho wa ziara yake na kumuuliza kwa niaba ya jirani.

"Nilimwambia, Daktari, kuna jirani yangu anamuuguza mama yake, anampaka limau. Akaniambia, mwambie jirani yako aache leo. Nikamwambia, jirani anauliza tena, je, asali, ambayo haikuligusa ganda la yai? Akasema asali ni sukari, ikilala kwenye jino la mtu asiyetema inalioza. Ganda la yai linakuonyesha asidi tu, halikuonyeshi sukari."

Jirani huyo aliuliza mengi. Aliuliza kuhusu povu, akaambiwa kwamba kinachotoa povu kwenye dawa nyingi za meno ni cha jamii ileile ya kitu kinachotoa povu kwenye sabuni ya nywele; kwa anayetema si neno, ila kwa asiyetema kinakausha mdomo na kumpalia, na dawa zisizo na povu zipo. Aliuliza kuhusu floraidi, madini yaliyoandikwa kwenye bomba la dawa ya meno pamoja na onyo la kutomeza.

Hilo lilimnyima usingizi kuliko mengine. "Limau lisilo na onyo lilikula meno," anasema. "Halafu hii yenye onyo ndiyo niiweke?" Daktari alimweleza kwamba onyo ni kwa anayemeza nyingi; kwa mtu mzima, kipimo cha punje ya mchele, asubuhi na jioni, hakina shida, na kwamba jino lililokwisha kuliwa bila floraidi ni kama mtu aliyeachwa uchi kwenye baridi.

Alikuwa na nafasi mbili za kumwambia daktari kwamba jirani ni yeye. Zote zilimpita.

Kati ya wazee watatu waliokuwa na meno, wawili wamefariki mwaka huu, mmoja kwa moyo, mwingine kwa uzee tu. "Si limau lililowaua," Bi Maganda anasema haraka. "Lakini walikwenda sijawaambia. Hao nitawaambia wapi?"

Saa nne na nusu. Meza moja ya chumba cha kulia imefunikwa shuka jeupe, na taa ya daktari imefungwa kwenye mgongo wa kiti. Mwalimu ameketishwa, kidevu juu. Pembeni yake yupo binti yake wa kwanza, mwenye duka la vitambaa, ambaye amefunga duka kuja kusikiliza. Msimamizi amesimama na daftari lake. Bi Maganda ameshika beseni.

Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, anachunguza muda mrefu. Anagonga chonge la kulia kwa kifaa chake, na Mwalimu anafumba macho.

"Huku si kuoza," anasema hatimaye. "Kuoza kunatoboa shimo. Hili limelambwa pande zote. Meno haya yameliwa na asidi. Mzee anakunywa soda?"

"Baba? Hata chai anakunywa bila sukari," anajibu binti.

"Anatapika usiku? Kiungulia?"

Msimamizi anapekua daftari. "Hakuna kumbukumbu ya kutapika. Labda ni umri tu, Daktari. Lakini tumejipanga. Tumepata dawa nzuri, ya asili kabisa, hata leo tunaanza naye." Anafungua chupa yenye picha ya limau na kuanza kuimimina kwenye pamba.

"Msimwekee hiyo."

Wote wanageuka. Aliyesema ni Bi Maganda.

"Kwa nini?" anauliza msimamizi.

Anaweka beseni chini. Anatoa kopo dogo kwenye mfuko wa aproni, analifungua, na kumimina mezani, juu ya shuka jeupe, maganda mawili mengine kutoka glasi zile za alfajiri. Anabonyeza moja, linakuwa unga. Anabonyeza la pili, linapasuka ta!

"Hili lilikuwa ndani ya hiyo dawa siku tano. Hili kwenye maji. Najua kwa sababu nilishafanya. Sikulifanyia ganda. Nilimfanyia Mwalimu." Anamgeukia daktari. "Limau na glisirini, miaka minne, asubuhi na jioni. Niliacha miezi minane iliyopita nilipojua. Sikumwambia mtu."

Jikoni mtu anadondosha mfuniko wa sufuria, unazunguka sakafuni mpaka unatulia.

"Kumbe jirani ni wewe," anasema daktari, polepole.

"Ndiyo, Daktari."

"Kwa hiyo ni wewe uliyemla baba yangu meno?" Binti wa Mwalimu amesimama. "Tunakuja hapa kila mwezi, tunakuletea zawadi, tunakuita dada, kumbe unamla baba meno?"

"Ni mimi, dada. Sina la kujitetea."

"Na ungenyamaza mpaka lini? Mpaka azikwe?"

Mwalimu ananyanyua mkono wake wa kushoto, ule unaomtii. Ni mkono ulionyamazisha madarasa kwa miaka thelathini na minane, na chumba kinanyamaza.

"Limau... nilijua," anasema. "Lina... harufu. Nililipenda."

Bi Maganda anaanza kulia.

"Hukujua... linakula. Na mimi... sikujua. Hilo... limepita." Anapumzika, anavuta pumzi. "Lakini... miezi minane? Kila asubuhi... wanifungua mdomo. Wako... umeufunga."

Bi Maganda anasema baadaye kwamba angeweza kuvumilia kutukanwa na binti huyo mpaka jioni. Sentensi ya Mwalimu ndiyo iliyomkalisha chini.

"Niliogopa kufukuzwa," alimjibu. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema kweli, akaongeza: "Na niliogopa uache kunifungulia."

Chonge la kulia linang'olewa asubuhi hiyohiyo. Lilikuwa limeshapasuka hadi kwenye mzizi. La kushoto daktari analijenga upya kwa dawa ya kuzibia, na kueleza kwamba kulabu za meno ya bandia zitapindwa zishikie upande huo mmoja. "Tupeane mwezi mmoja," anasema. "Likishika, limeshika. Lisiposhika, sitawadanganya, kusoma kwa sauti kutakuwa kazi."

Kuhusu katoni sita, anasoma maandishi madogo nyuma ya chupa na kukuta asidi ya limau ikiwa ya tatu kwenye orodha. Anasema si sumu, na mtu mwenye meno mazima anayeitema hatadhurika sana, ila haifai kwa vinywa tisa vya nyumba hii. Msimamizi anakubali zibaki zimefungwa na kuahidi kumwandikia mfadhili barua ya heshima. Barua nyingine itamhusu Bi Maganda. Kikao cha mwisho wa mwezi ndicho kitakachoamua, na mpaka hapo ataendelea na zamu yake.

"Hakunitazama aliponiambia," Bi Maganda anasema. "Kwa hiyo sijui."

Saa kumi alasiri, viti sebuleni vimepangwa kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyewaambia wazee visipangwe. Mwalimu anasukumwa ndani. Shavu limevimba. Meno ya bandia yamo kwenye glasi chumbani. Gazeti liko magotini mwake, halijafunguliwa.

"Leo hakuna habari?" anauliza mzee mmoja asiyeona.

"Habari zipo, msomaji ndiye mgonjwa," anasema Bibi Kicheko, na kwa mara ya kwanza leo sauti yake haina kicheko.

Mwalimu anamwita Bi Maganda kwa kidole. Anatoa kitu mfukoni mwa shati. Ni bomba la dawa ya meno, lile la kila asubuhi. Anamkabidhi.

"Soma," anasema, maneno yakiwa yamelowa. "Nyuma. Majina... yote. Kila mmoja... aitike. Aseme... anafanya kazi gani... mdomoni mwangu. Asiyejibu..." Anaonyesha mlango.

Bi Maganda anaangalia huku na huku. Anakohoa. Anaanza kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Maji."

"Yupo!" anadakia Bibi Kicheko. "Huyo tunamjua, apite."

"Chokaa laini."

"Kazi yake?" anauliza Bibi Kicheko.

"Kusugua. Nilimpima kwenye miwani, hakwaruzi."

"Apite."

"Floraidi."

"Ana kazi gani huyo mwenye jina la kizungu?" anauliza mzee asiyeona.

"Kulinda jino lililobaki. Ila asizidi punje ya mchele."

"Apite, lakini akae mbele tumwone."

Anafika kwenye jina linalofuata. "Glisirini," anasema. "Huyu alikuwemo kwenye kikombe cha limau. Daktari anasema yeye mwenyewe hana kosa. Anazuia dawa isikauke."

Mwalimu anafikiri.

"Aliponzwa... na rafiki," anaamua. "Apite."

Kicheko kinamtoka Bibi Kicheko kama mtu aliyefunguliwa kizibo, na wengine wanafuata. Jina la mwisho ni rangi ya kijani. Bi Maganda anatafuta kazi yake, anageuza bomba, anageuza tena. Anakiri kwamba haidhuru, lakini haisaidii jino. Inapendezesha dawa tu.

"Nje!" wanapiga kelele wazee kumi na wanne, wengine bila kujua wanamfukuza nani.

Sasa huo ndio utaratibu. Hakuna kitu kipya kinachoingia kinywani mwa mtu kabla hakijasomwa sebuleni. Bi Maganda anatafuta dawa isiyo na rangi. Ameshaandika majina ya maduka matatu kwenye kiganja. Anatamani pia glasi za maganda ziwekwe kwenye stoo ya kila nyumba kama hii, na mhudumu mpya afundishwe mambo haya kabla hajafundishwa kukunja mashuka. Lakini hilo, anasema, litategemea kikao, na kila simu ya ofisini inapolia, bado anasimama kusikiliza.

Nyumbani, shangazi aliposimuliwa aliendelea kuchambua mchele. Kesho yake asubuhi tu, Bi Maganda alikuta kwenye sinia maganda ya mayai manne, yameoshwa na kukaushwa, yamefunikwa kitambaa.

Jumamosi hii ana safari. Mmoja wa wale wazee wawili waliofariki aliacha mtoto wa kiume, fundi viatu, anayekaa mwendo wa saa mbili kwa gari. Bi Maganda ameomba ruhusa ya kwenda kumwona. Amejaribu sentensi ya kwanza mbele ya kioo mara nyingi na kila mara inakatikia njiani. Jumamosi inayofuata atakwenda kwa familia ya pili.

"Nami nitazeeka," anasema, akiosha glasi mojamoja na kuzipanga dirishani. "Iko siku nitalala kitandani, siwezi kutema, na mtu nisiyemjua atanifungua mdomo. Simwombei awe hodari. Mimi nilikuwa hodari. Namwombea awe mwoga kidogo."

Anafuta mikono, anafungua kopo, anahakikisha ganda la safari, la kumwonyesha fundi viatu, bado limo, limezungushiwa pamba lisipasuke. Kisha anachukua mswaki laini wa mtoto na kwenda kubisha mlango wa Mwalimu.